Lafidhi ya Roland Hayes

Katika yote yaliyoandikwa juu ya Roland Hayes, neno lililotumika mno ni neno "wa kwanza". Alikuwa wa kwanza miongoni mwa wanaume weusi wa Marekani kupata umaarufu wa kimataifa katika uimbaji wa kisanii wa Ulaya. Wa kwanza miongoni mwao kuimba peke yake mbele ya okestra kubwa ya Boston. Wa kwanza kufanya hili na lile. Sifa hizi ni za kweli na hapana wa kumnyang'anya. Lakini "wa kwanza" ni sifa ya mlango, si ya aliyeingia. Yasema mengi juu ya waliokuwa wameufunga mlango huo, na machache mno juu ya yule aliyeupita. Msomaji huimaliza orodha hiyo ya mara za kwanza naye hajui bado mtu huyu aliimba nini, aliimba vipi, na kwa nini watu waliokuja kumzomea walinyamaza.

Mimi si mwanamuziki. Kazi yangu ni mashairi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitia katika Kiswahili mashairi ya watu wengine, nyenzo zangu zikiwa makamusi na sikio, kwani darasa la kazi hii sikulipata. Kwa hivyo nitamzungumza Hayes kwa upande ninaouona, yaani upande wa mtu aliyebeba kinywani mwake maneno ya wageni na maneno ya wazee wake, akayatendea yote haki moja. Dai langu ni kwamba ukubwa wake ulikuwa katika lafidhi kabla haujawa katika sauti. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo.

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1887 huko Curryville, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, William na Fanny, wote wawili walikuwa wamewahi kuwa watumwa, na mapokeo ya upande wa mama yalimkumbuka babu mkuu aliyeletwa kutoka Afrika, jina lake Abá Ougi. Baba alifariki Roland akiwa bado mtoto. Mama akahamia na wanawe katika mji wa Chattanooga. Huko kijana akaajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha chuma, na siku moja mkanda wa mashine ukamnasa na kumburuta, almanusura afe. Mpiga piano mweusi aitwaye Arthur Calhoun ndiye aliyemtia katika fikra kwamba sauti yake yafaa kusomeshwa, na kwa njia yake Hayes akasikia kwa mara ya kwanza santuri za Enrico Caruso, Mtaliani aliyekuwa mfalme wa tenori, yaani ile sauti ya kiume ya juu. Mwaka 1905 aliingia chuo cha Fisk mjini Nashville, chuo ambacho waimbaji wake walikuwa wamezipeleka nyimbo za watumwa mpaka Ulaya tangu miaka ya 1870. Hakumaliza masomo yake pale. Mwaka 1911 alifika Boston na kikundi cha waimbaji wa Fisk, akabaki, akamleta mama yake, akawa tarishi katika kampuni ya bima huku akisoma uimbaji kwa mwalimu Arthur Hubbard. Mawakala wa matamasha hawakumtaka mwimbaji mweusi. Basi mwezi Novemba 1917 akaukodi mwenyewe ukumbi wa Symphony Hall, akaujaza watu.

Hayo ndiyo masimulizi ya kawaida, nami nimeyapita mbio kwa makusudi, maana ni hadithi ambayo Marekani hupenda kujisimulia: mtoto wa watumwa, kazi ngumu, mlango wafunguka. Ningependa kutua pale kwenye santuri za Caruso. Kijana aliyemsikia Caruso angeweza kupotea kabisa. Caruso alikuwa na sauti ya kufurika, sauti ambayo maneno huelea juu yake kama makumbi juu ya maji ya bamvua. Wangapi wamejaribu kumwiga wakapasua koo! Hayes alivutwa na Caruso lakini hakumfuata. Sauti yake ilikuwa nyepesi, yenye wororo, isiyojaza ukumbi kwa nguvu, naye mapema akatambua kuwa ngome yake ni kuimba kwa upole, katika kile kiwango cha chini ambacho mwimbaji wa kawaida hupoteza ama sauti ama neno. Yeye alivihifadhi vyote viwili.

Watu husema kuwa hakuimba opera kwa sababu ya rangi yake, na ni kweli kwamba nyumba kubwa za opera za Marekani zilikuwa zimefungwa kwa watu weusi. Metropolitan ya New York haikumpandisha jukwaani mwimbaji mweusi hadi Januari 1955, alipoimba Marian Anderson. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba lau mlango ule ungekuwa wazi, opera isingekuwa nyumba yake. Opera yataka mtu ajivike mwili wa mwingine na kupaza juu ya okestra nzima. Hayes alikuwa msomaji wa mashairi aliyejaaliwa sauti. Palipomfaa ni mahali pa mtu mmoja, piano moja na shairi moja.

Hapa wasomaji wa mwambao tuna faida ambayo wahakiki wengi wa Ulaya hawana. Sisi tumelelewa katika chuo ambamo mtoto hufundishwa kwanza makharija, herufi itokeapo, kabla hajafundishwa maana. Twajua kuwa kuna tofauti baina ya sauti nzuri na usomaji mzuri, na kwamba msomaji mwenye sauti nzuri asiyejua pa kukata na pa kuunganisha huwachosha wenye masikio. Twajua pia kuwa shairi halijawa shairi mpaka lipate mahadhi, na kwamba mahadhi yakiumeza mshororo, malenga ameibiwa. Anayemsikiliza Hayes kwa sikio hili atatambua mara moja yuko mbele ya mtu wa aina gani. Konsonanti hazimezwi. Vokali za Kijerumani haziwi za Kiingereza, wala za Kifaransa haziwi za Kijerumani. Pumzi yake hukatika palipo na maana, haikatiki palipo na uchovu.

Ustadi huo aliusomea hasa Ulaya. Mwaka 1920 alikwenda London pamoja na mpiga piano Lawrence Brown. Huko alisoma kwa Amanda Aldridge, binti wa Ira Aldridge, yule mwigizaji mweusi mashuhuri wa tamthilia za Shakespeare katika karne ya 19, na kwa George Henschel, Mjerumani wa kuzaliwa, ambaye kwa ajabu ya mambo ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa okestra ya Boston. Baadaye Vienna alisoma kwa Theodor Lierhammer. Mwaka 1921 aliimba mbele ya Mfalme George wa Tano, na magazeti ya Marekani, ambayo hayakuwa yakimjali, yakaanza kumjali. Ndiyo desturi ya dunia, hata hapa kwetu: malenga wa mtaani hutambuliwa akishasifiwa ng'ambo.

Sasa tufike Berlin, mwaka 1924, maana hapo ndipo kiini cha mambo.

Wajerumani wakati huo walikuwa na machungu ya vita walivyoshindwa. Katika bonde la mto Rhine walikaa wanajeshi wa Ufaransa, na miongoni mwao walikuwamo askari kutoka makoloni ya Afrika. Magazeti yalikuwa yakipiga kelele juu ya "aibu nyeusi". Katika hali hiyo Mmarekani mweusi akatangaziwa kuimba mashairi ya Kijerumani katika ukumbi wa Beethoven. Kwa mujibu wa simulizi ya Hayes mwenyewe, aliyoihifadhi mwandishi MacKinley Helm katika kitabu cha 1942, gazeti lilichapisha barua ya wazi kwa balozi wa Marekani kutaka tamasha lizuiwe, kwa hoja kwamba mtu kama huyo hana awezalo kuwakumbusha wasikilizaji ila mashamba ya pamba ya Georgia. Tamasha halikuzuiwa. Alipotoka jukwaani ukumbi ukamzomea. Akasimama kando ya piano, kimya, kwa dakika kadhaa, mpaka kelele zikaanza kupungua. Hapo akamwashiria mpiga piano waanze na wimbo wa Franz Schubert uitwao "Du bist die Ruh". Wimbo ulipokwisha ukumbi ulikuwa wake.

Simulizi hii imerudiwa mara nyingi mno, na kila ikirudiwa husemwa kuwa ni ushindi wa ujasiri, au wa imani, au wa utu juu ya chuki. Sina ugomvi na hayo. Lakini ajabu ni kwamba wasimuliaji karibu wote huutaja wimbo kama mtu anayetaja kiti alichokalia shujaa. Hakuna anayeuliza: kwa nini wimbo huo?

Schubert aliutia muziki mwaka 1823 katika shairi la Friedrich Rückert, na jina lake linamwita mtu fulani utulivu. Shairi lina beti tano, kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani nne tu, nusu ya mizani ya utenzi wetu, na vina hupishana. Maneno ni ya kawaida, ambayo mtoto wa Kijerumani angeyaelewa. Nimewahi kukaa na shairi hili mezani kwa muda mrefu, nikilitafutia Kiswahili, na najua ugumu wake: mizani nne hazitoshi kwa lugha yetu yenye maneno marefu, na lile neno la mshororo wa kwanza, Ruh, lina mlango mpana. Ni utulivu, ni raha, ni amani, ni mapumziko, na kwa sikio letu sisi lapiga mwangwi wa roho. Sisemi kuwa Rückert alikusudia mwangwi huo. Nasema kuwa alikuwa na uwezo wa kuusikia.

Kwani Rückert alikuwa nani? Hapa ndipo ninapoomba msomaji anivumilie kidogo. Rückert, aliyezaliwa mwaka 1788 na kufariki 1866, alikuwa mshairi, lakini pia alikuwa mmoja wa wafasiri wakubwa wa lugha za Mashariki waliopata kutokea Ujerumani. Kiajemi alianza kukisoma Vienna mwaka 1818 kwa Joseph von Hammer-Purgstall, yule aliyemfasiri Hafidh wa Shiraz kwa Kijerumani. Rückert alifasiri maqama za Hariri zenye michezo yote ya saji', kazi ambayo wengi waliiona haiwezekani. Alifasiri sehemu kubwa ya Qurani, tafsiri iliyochapishwa baada ya kufa kwake. Na alikuwa profesa wa lugha za Mashariki huko Erlangen. Shairi lile alilitoa mwaka 1822 katika diwani iliyoitwa Waridi za Mashariki, mashairi aliyoyatunga akifuata nyayo za Hafidh. Ndiyo maana halisemi anayeambiwa ni nani. Ni mpenzi? Ni Mola? Mwenye kuzoea kasida za masufi hatashangaa kuona kuwa mlango umeachwa wazi kwa wote wawili.

Basi tazama hali ilivyokuwa katika ukumbi ule. Waliozomea walisema kuwa shairi la Kijerumani ni mali ya damu ya Kijerumani, na mgeni akilitia kinywani atalichafua. Nalo shairi lililowanyamazisha lilikuwa limepandwa Ujerumani kwa mbegu ya Shiraz, na mkulima wake alikuwa Mjerumani aliyetumia maisha yake kutia kinywani maneno ya Waajemi na Waarabu. Nani aliyekuwa mgeni? Mimi, mfasiri, naliona jambo hili kuwa zito kuliko hadithi ya ujasiri. Ni hoja nzima ya kazi yangu, imejibiwa kwa wimbo wa dakika chache: neno ni la yule aliyelihudumia.

Na kuna ustadi wa pili, wa muziki wenyewe. Mtu anayezomewa hushawishika kupaza. Angeweza kuchagua wimbo wa kishindo aufunike ukumbi. Alichagua wimbo unaoanza kwa sauti ya chini kabisa, polepole, ambao piano yake haifanyi zaidi ya kutikisika mahali pamoja. Mwenye kutaka kuendelea kuzomea ilimbidi azomee kitu ambacho hakisikiki mpaka anyamaze. Beti nne za kwanza zapita hivyo. Kwenye ubeti wa tano sauti huanza kupanda ngazi kwa ngazi mpaka kileleni, na ikifika kileleni Schubert ameweka kimya kamili, kipimo kizima pasipo sauti wala piano. Kisha mwimbaji hurudi chini kwa upole kama kwamba hakuna lililotokea. Halafu ubeti huo huo hurudiwa, kupanda kule kule, kimya kile kile. Wimbo umejengwa juu ya kimya. Katika ukumbi wowote hicho ni kipimo kigumu kwa mwimbaji, kwa kuwa pumzi yake yote imeanikwa. Katika ukumbi ule kilikuwa kipimo kwa wasikilizaji: je, watakijaza? Hawakukijaza.

Kwa hivyo sikubali kuwa alishinda kwa sababu chuki iliyeyuka mbele ya uzuri. Chuki haikuyeyuka, miaka tisa baadaye ilishika dola nchi nzima. Alishinda kwa sababu alikuwa amelisoma shairi vizuri zaidi kuliko waliodai ni lao, na akajua ni wapi ndani yake pana nguvu ya kuwatumikisha.

Ila kumsifu bila kumhakiki si haki yake wala si yetu. Kuna mpangilio wa matamasha yake ambao unanisumbua. Kwa kawaida alianza na nyimbo za kale za Kitaliano au za Handel, akaenda kwa Wajerumani, akapitia Wafaransa, na mwisho akafunga kwa nyimbo za kiroho za watumwa, zile alizozisikia kwa mama yake na kanisani Georgia. Mwezi Novemba 1923, alipoimba na okestra ya Boston chini ya Pierre Monteux, mambo yalikuwa hivyo hivyo: Berlioz, Mozart, kisha nyimbo za wazee wake. Waliomtetea husema kuwa mwisho ni mahali pa heshima, na kwamba ilikuwa jambo kubwa nyimbo hizo kuingia ukumbi ule zikiwa zimesimama wima, si kama kichekesho cha wazungu waliojipaka masizi nyusoni. Naafiki. Kabla yake watu wengi walizicheka au walizionea huruma. Yeye alizivaa suti nyeusi na kuzitamka kwa uangalifu ule ule aliompa Schubert.

Lakini mwisho pia ni mahali pa haluwa. Mlaji ameshiba, kazi kubwa imekwisha, sasa aletewe kitamu. Nyimbo zilizotungwa na watu waliokuwa wakiuzwa sokoni zikawa ndizo zinazomruhusu msikilizaji arudi nyumbani na moyo laini. Naona kuwa katika hili Hayes aliutii ukumbi kupita alivyopaswa. Siwezi kuacha kumkumbuka mtu wa rika lake wa huku kwetu, Siti binti Saad wa Fumba, naye mtoto wa watu waliokuwa na asili ya utumwa. Mwaka 1928, mwaka ambao Hayes alikuwa akiimba Urusi ya Kisovieti, Siti alivuka bahari hadi Bombay kutia sauti katika santuri. Taarabu ya majumba ya kifalme Unguja ilikuwa imezoea Kiarabu. Siti, ambaye Kiarabu alikiimba, alikitia Kiswahili mahali palepale pa Kiarabu, si baada yake. Tofauti si ya kipaji. Siti alikuwa na mji mzima nyuma yake uliokuwa ukizungumza lugha yake. Hayes alikuwa peke yake mbele ya watu ambao hawakuwa wa kwao.

Jambo ambalo hakulitii ni lahaja. Katika kitabu chake cha nyimbo, kilichotoka mwaka 1948 kwa jina la My Songs, matamshi ya watu wa Georgia yamehifadhiwa hata katika majina ya nyimbo, yameandikwa yanavyosemwa. Mtu aliyetamka Kijerumani cha Vienna bila doa angeweza kuzinyoosha nyimbo za mama yake ziwe Kiingereza sanifu, na wapo wengi wa tabaka lake ambao wangemshukuru. Hakufanya hivyo. Kwake lahaja ya Georgia ilikuwa lugha yenye makharija yake, inayohitaji kusomewa kama Kijerumani. Sisi tuliokwishaona beti za Kiamu na za Kimvita zikisanifishwa na wahariri hadi vina vikavunjika twajua thamani ya msimamo huo.

Wengine walisema kuwa alizisafisha mno kwa njia nyingine: kwamba wororo wa sauti na piano iliyopangwa vizuri viliondoa jasho na vumbi. Mfano uliotumika kumpinga ni Paul Robeson, ambaye kwa hakika alisindikizwa na mpiga piano yule yule, Lawrence Brown, na aliyeziimba kwa sauti nene isiyo na mapambo. Mshairi James Weldon Johnson, aliyekusanya nyimbo hizi katika vitabu viwili vya mwaka 1925 na 1926, aliwapima wote wawili akaona kuwa njia zao ni tofauti na zote mbili zafika. Nami nasema hivi: Robeson aliziimba kama mali ya umma, Hayes aliziimba kama sala ya mtu mmoja chumbani. Anayetaka umma asimlaumu Hayes kwa kutokuwa Robeson. Lakini zipo nyimbo, zile za maandamano na mwito, ambazo chumba cha Hayes ni kidogo kwao, na katika hizo namwacha.

Umaarufu haukumkinga. Medali ya Spingarn, inayotolewa kwa Mmarekani mweusi aliyefanya jambo kubwa, aliipata mwaka 1924. Fedha za matamasha zilimwezesha kulinunua lile shamba la Georgia ambako mama yake alikuwa mtumwa. Alimwoa Helen Alzada Mann mwaka 1932, na binti yao aliyezaliwa mwaka uliofuata wakamwita Afrika. Mwaka 1942, katika mji wa Rome, Georgia, mama na mtoto waliingia duka la viatu wakakaa mahali palipotengwa kwa wazungu. Pakatokea maneno. Hayes alipokwenda kuuliza, polisi walimpiga, mzee wa miaka 55 ambaye wafalme walimsikiliza. Langston Hughes aliandika shairi juu ya tukio hilo, fupi na kali, lenye kuonya kuwa upole wa watu hawa usidhaniwe kuwa hautabadilika. Familia ikaihama Georgia. Sisemi zaidi hapo, maana jambo hilo lajisema. Ila nataka izingatiwe kuwa Hughes, mshairi wa kizazi kilichopenda bluzi na mitaa, ndiye aliyemwimbia huyu mtu wa Schubert.

Ipo shida moja kubwa kwa yeyote anayetaka kumhukumu leo. Miaka yake bora, baina ya 1923 na mwanzo wa miaka ya 1930, ilipita karibu bila kurekodiwa. Zipo santuri za 1917 na 1918 alizojilipia mwenyewe kwa Columbia, ambamo bado anatafuta sauti yake. Zipo chache za London za mwanzo wa miaka ya 1920, nyimbo za kiroho pamoja na Brown, zenye mikwaruzo kama mvua juu ya mabati. Kisha pana pengo mpaka karibu na miaka ya 1940. Na mwisho zile za kampuni ya Vanguard za miaka ya 1950, ambapo mwimbaji alikuwa mtu mzima sana. Tunamsoma kama tunavyomsoma Muyaka: yaliyotufikia ni yale ambayo Mwalimu Sikujua na Taylor waliyawahi, na mengine yalikwenda na waliyoyasikia.

Kwa bahati, katika zile za mwisho limo jambo ambalo halikuwamo katika matamasha ya ujana wake. Alizichukua nyimbo mbalimbali za kiroho, zilizokuwa zikiimbwa moja moja, akazipanga zifuatane kuwa kisa kimoja cha maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, kituo kwa kituo, kama msomaji wa maulidi anavyokwenda. Mpangilio huo aliuita The Life of Christ. Hapa hakuna Schubert wa kutangulia wala ukumbi wa kulainishwa. Nyimbo za watumwa ndizo mwanzo, ndizo kati na ndizo mwisho, na aliyezipanga amefanya kazi ya mtunzi wa utenzi. Sauti imechakaa. Juu inatetemeka, pumzi si ndefu kama zamani, na anayetafuta tenori ya kumfananisha na Caruso hatoipata. Maneno yote yapo. Katika wimbo wa mateso, ule usemao juu ya aliyenyamaza asinung'unike, piano huachwa kabisa na mzee anabaki peke yake na lahaja ya mama yake.

Aliendelea kuimba. Mwaka 1962 aliadhimisha miaka 75 kwa tamasha katika ukumbi wa Carnegie, na mara ya mwisho alisimama mbele ya watu mwaka 1973, huko Cambridge ya Massachusetts, akiwa amepita miaka 85. Alifariki Boston mwanzoni mwa 1977. Msomaji atakayetaka kumsikia namshauri asianze na santuri za London, kwani mikwaruzo itamfukuza. Aanze na mpangilio ule wa uzeeni, ausikilize mzima bila kuukata, na wimbo usio na piano aurudie mara mbili. Kisha ndipo arudi nyuma kwa kijana.